Haidrojeni Katika Mafuta ya Kupikia: Pale Masharti ya Mmenyuko Yanapogusa Moyo

Mafuta ya alizeti humiminika kwa sababu molekuli zake nyingi zina vifungo maradufu kati ya atomi za kaboni, vile vinavyotambulisha kampaundi ziitwazo alkeni. Kila kifungo cha namna hiyo huipinda molekuli, nazo molekuli zilizopinda hazipangiki vizuri zikagandamana.

Kifungo maradufu huweza kufunguka na kupokea atomi mbili za haidrojeni. Hata hivyo, kuchanganya haidrojeni na mafuta pekee hakutoshi. Huhitajika kichocheo, kwa kawaida nikeli, pamoja na joto linalozidi nyuzi 100 za Selsiasi. Mkemia Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya njia hiyo mwaka 1902, na viwanda vikaitumia kugandisha mafuta ya mimea.

Matokeo hutegemea masharti. Haidrojeni ikitosha na mmenyuko ukafika mwisho, takriban vifungo vyote maradufu hujazwa, na mafuta huwa magumu. Mmenyuko ukikatizwa njiani, hasa joto likiwa kali na haidrojeni ikiwa haba, baadhi ya molekuli hushika nikeli, huachia haidrojeni, kisha hurudisha kifungo maradufu kikiwa kimegeuka. Molekuli iliyopinda sasa imenyooka. Hayo ndiyo mafuta ya transi.

Mwilini, mafuta hayo huongeza lehemu mbaya na kupunguza lehemu nzuri, hivyo kuongeza hatari ya maradhi ya mishipa ya moyo. Shirika la Afya Duniani hushauri yasizidi asilimia 1 ya nishati ya siku, yaani takriban gramu 2.2 kwa mtu anayekula kilokalori 2,000. Mwaka 2018 shirika hilo lilizitaka nchi zote kuyaondoa yale yatokanayo na viwanda.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya anapomshauri mgonjwa wa moyo, asiishie kuuliza anatumia mafuta kiasi gani. Aulize pia ni ya aina gani. Mgonjwa naye asome lebo ya siagi ya mimea, biskuti na mafuta ya mgando. Ikitajwa kwamba mafuta yameongezwa haidrojeni kwa sehemu tu, bidhaa hiyo ni ya kuepukwa. Yaliyoongezwa haidrojeni kikamilifu karibu hayana transi, lakini ni mafuta yaliyoshiba, nayo yanahitaji kiasi.