Tuijue R (2): Jedwali halibadiliki mpaka useme

Mji wa Kasongo, mkoani Maniema nchini Kongo (DRC), una nafasi yake katika takwimu za afya. Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapa utafiti wa Mradi wa Kasongo kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Wakati huo R, lugha ya programu ya takwimu tunayojifunza hapa, haikuwapo. Ross Ihaka na Robert Gentleman waliianzisha Auckland, New Zealand, miaka ya 1990.

Tuchukue jedwali liitwalo ripoti, lenye wagonjwa wa surua wa zoni tatu za afya za kusini mwa Maniema. Namba ni za mfano tu: Kasongo 30, Kabambare 18, Lusangi 120. Daftari la Lusangi linasema 12, sifuri imezidi. Tunaandika:

sahihisha <- function(r) {
  r$surua[3] <- 12
  r
}
sahihisha(ripoti)

Skrini inaonyesha 12. Ukiita ripoti, 120 ipo palepale, na hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Mwanzoni r na ripoti huelekea data ileile kwenye kumbukumbu, kwa kuwa R hainakili kitu bure. Mstari unaotaka kuandika ndio unaoilazimisha kunakili sehemu inayoguswa, na badiliko huingia kwenye nakala. Nakala hiyo hutoka kama jibu, usipoipokea, imepotea. Basi andika:

ripoti <- sahihisha(ripoti)

Kwangu huu ni uamuzi bora kabisa wa waundaji wa R. Idadi ya watoto wagonjwa haifai kubadilishwa kimyakimya na fanksheni ya mtu mwingine kabla ripoti haijafika Kindu, makao makuu ya mkoa. Alama <<- hubadilisha vigeu vya nje. Ikae mbali na data za wagonjwa. Kifurushi cha data.table nacho, kwa alama ya :=, hubadilisha jedwali lenyewe, hivyo anza na copy(ripoti).

Jambo lingine: agumenti haikokotolewi mpaka itumike. Tuseme fanksheni imeanza hivi:

function(r, wastani = mean(r$surua))

Ukisahihisha r kwanza, ndipo ukaugusa wastani, utapata 20, si 56. Lakini mwitaji akiandika mwenyewe wastani = mean(ripoti$surua), jibu ni 56, kwa sababu hesabu hiyo hufanyika kwake, kwenye ripoti ya zamani. Ukitaka 56 kila mara, weka force(wastani) kabla ya kugusa r.

(Itaendelea)