Kijana wa Kwale na mlango wa jeshi

Urefu mita 1.60. Uzito kilo 54.55 kwa mwanamume, kilo 50 kwa mwanamke. Umri miaka 18 hadi 26. Alama ya KCSE isipungue D+. Ndivyo matangazo ya Jeshi la Ulinzi la Kenya, KDF, yalivyokuwa yakisema miaka ya karibuni kwa makurutu wa kawaida, na vijana wa hapa Msambweni wanayajua kwa moyo. Hiyo 54.55 huwashangaza. Ni ratili 120 za zamani zilizogawanywa kwa 2.2, basi.

Mimi ni afisa wa kliniki mstaafu. Tangazo likitoka, wazazi huwaleta watoto wao barazani kwangu: “Daktari, hebu mtazame huyu, atapita?” Nitamtazama, lakini kwanza namwambia anioneshe kitambulisho.

Jeshi linataka mwanajeshi awe raia wa Kenya, na Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 78, inamkataza kuwa na uraia wa nchi mbili. Huku kwetu, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Tanzania pale Lunga Lunga, jambo hilo si la kupitiwa juu juu. Wengi wana mama kutoka Tanga na baba wa Vanga. Kijana wa namna hiyo asiogope: mzazi mmoja akiwa Mkenya, mtoto ni raia wa kuzaliwa, sawa na mwenzake yeyote. Tatizo linakuja akiwa amejichukulia karatasi za uraia za pande zote mbili. Katiba humwachia yule tu aliyepewa uraia wa kigeni na sheria ya nchi ile bila uwezo wa kuukataa.

Wapo waliozuiwa na kukosa karatasi yoyote kabisa. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi mashambani, waliishi hapa vizazi kadhaa bila kutambuliwa, mpaka walipofunga safari ya miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai haki yao. Wapemba wa pwani walisubiri hadi 2023. Nimewaona vijana wenye afya kamili wakibaki pembeni ya uwanja wenzao wakipimwa, na mpaka leo naona ilikuwa dhuluma. Walizaliwa hapa, wakasoma hapa, lakini bila kitambulisho hakuna afisa anayeweza kukuandika.

Mwenye kitambulisho sasa anaingia kwenye kupimwa mwili. Uwanjani anavua nguo na kubaki na bukta. Wanatazama meno, macho, magoti, nyayo na makovu, na mbio zipo. Anayechaguliwa hupimwa tena kwa undani zaidi. Wengi huona ni uonevu kukataliwa kwa sababu ya wayo bapa au pengo la meno. Mimi nawaeleza hivi: askari hutembea siku nzima na mzigo mgongoni, na wayo usio na upinde unaweza kumletea maumivu ya mguu na goti. Jino bovu nalo likianza kufura porini, hakuna daktari wa meno wa kumkimbilia.

Ninachosikitikia ni yale yanayotibika. Pwani yetu ina busha na ngiri, na vijana huficha kwa haya. Yote mawili hufanyiwa upasuaji hospitalini, na kidonda kinahitaji muda kupona vizuri, kwa hiyo anayekuja wiki moja kabla ya zoezi amechelewa. Jino lililotoboka huzibwa mapema likabaki. Presha ya kijana nayo ipimwe, kwani mwenyewe hawezi kuihisi. Na mabinti wajue kwamba mimba hairuhusiwi siku ya kuandikishwa wala wakati wote wa mafunzo.

Neno la mwisho ni kwa wazazi. Kuandikishwa jeshini hakulipiwi hata senti. Kila mwaka kuna familia zinazouza ng'ombe au kipande cha shamba ili kununua barua ya mwito, halafu mtoto anafika kambi ya mafunzo ya Moi, Eldoret, anaambiwa barua ni ya bandia na kukamatwa yeye. Akitokea mtu anataka pesa, mpelekeni polisi. Fedha hizo mpelekeeni daktari wa meno, na mumshughulikie kijana kitambulisho mara tu atimizapo miaka 18.