Nahau za Kiingereza zisikuponze katika insha ya Kiswahili

Mtahiniwa wa KCSE hufanya karatasi sita za lugha: tatu za Kiingereza na tatu za Kiswahili. Katika insha za lugha zote mbili anahimizwa apambe lugha yake kwa nahau. Basi si ajabu kwamba nahau alizokariri kwa ajili ya Kiingereza humfuata hadi kwenye karatasi ya 102/1, ile ya insha, zikiwa zimevishwa kanzu ya Kiswahili tu.

Nahau ni fungu la maneno ambalo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno yaliyomo. Ukimwambia Mwingereza kwamba fulani ‘kicked the bucket’, hatatafuta ndoo. Atajua mtu amekufa. Vivyo hivyo Mswahili akisikia fulani amekata kamba, hataulizia kamba yenyewe. Anayeandika ‘babu alipiga ndoo teke’ hajatafsiri nahau, ametafsiri ndoo. Tena misemo hii miwili ina chembe ya utani. Ukiitia katika barua ya rambirambi, kwa lugha yoyote kati ya hizi mbili, utawakera wafiwa. Hapo sema marehemu ameaga dunia.

Kutoeleweka ni balaa dogo. Balaa kubwa ni kueleweka vingine. Waingereza husema mtu ‘beats about the bush’ anapokwepa kulisema jambo waziwazi. Mwanafunzi anayetaka kuonyesha ubingwa atakiondoa kichaka, apande mbuyu, kisha aandike: ‘Mwalimu mkuu alizunguka mbuyu kabla ya kutueleza yaliyotokea.’ Maskini mwalimu mkuu! Kuzunguka mbuyu kwa Kiswahili ni kutoa hongo, na msomaji sasa anataka kujua aliyepokea. Ingetosha kusema kwamba alizungusha maneno.

Mtego mwingine uko jikoni. ‘Spill the beans’ ni kutoboa siri. Sisi nasi tuna kumwaga unga, na kwa kuwa pande zote mbili kuna chakula kilichomwagika, ni rahisi kudhani kwamba ni kitu kimoja. Wapi! Anayemwaga unga amepoteza kazi, kwa maana unga ndio riziki. Ukitafuta nahau iliyo karibu na maharagwe ya Waingereza, chukua ya mtama: kumwaga mtama kwenye kuku wengi, yaani kutoa siri mbele ya watu ambao hawatakubakishia hata punje.

Na chumvi je? Mwingereza anayekuambia uipokee habari ‘with a pinch of salt’ anakuonya usiiamini yote. Kwetu, anayetia chumvi ndiye msimulizi mwenyewe: ameongeza yasiyokuwapo. Aliyekula chumvi nyingi naye hana kosa lolote, ameishi miaka mingi tu. Sasa mtahiniwa akiandika ‘nilikula habari zile kwa chumvi’, msahihishaji atabaki na kalamu hewani. Angeandika kwamba msimulizi alitia chumvi, hivyo hakumsadiki, mambo yangenyooka.

Sisemi kila tafsiri ya neno kwa neno ifukuzwe. ‘Throw in the towel’ ilitoka kwenye ndondi, ambako wasaidizi wa bondia hurusha taulo ulingoni ili pigano lisimamishwe. Mwanahabari wa michezo akiandika kwamba kocha ametupa taulo, simlaumu. Wasomaji wake wanaujua ulingo. Lakini katika insha kuhusu mkulima aliyeshindwa na ukame, taulo la nini? Amekata tamaa, au amesalimu amri. Kadhalika ‘bite the bullet’: usimlishe mtu risasi ilhali anaweza kupiga moyo konde au kujikaza kisabuni.

‘Mwisho wa siku’ ndiyo inayonitia tumbojoto zaidi, maana imeshaingia redioni, bungeni na hata mimbarini. Inatokana na ‘at the end of the day’, kwa maana ya hatimaye au baada ya yote kuzingatiwa. Wanaoitetea wana hoja, lugha hukopa. Ila tazama sentensi hii: ‘Mwisho wa siku, mkulima ni lazima aamke alfajiri.’ Tumeamka au tunalala? Tuna ‘hatimaye’ na ‘mwisho wa yote’, na hakuna hata moja kati ya hayo inayogongana na saa.

Mwanafunzi anayejiandaa asiandike daftarini orodha ya nahau za Kiingereza na tafsiri zake. Aandike hali: mtu amedanganywa. Chini yake aweke Mwingereza aliyevutiwa sufu machoni, ‘pull the wool over someone’s eyes’, kisha Mswahili aliyepigwa changa la macho, na mwenzake aliyepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Siku ya mtihani atachagua kulingana na karatasi iliyo mbele yake, 101 au 102.