Gari la karatasi: kwa nini lile zuri ndilo lililoshika mkia?

Wadau, wengi wetu tulishakuwa na gari utotoni. Bodi ni boksi la maziwa au kopo la mafuta, tairi ni kandambili zilizochoka, ekseli ni spoku ya baiskeli, kamba mbele, na injini ni mdomo wako mwenyewe mtaa mzima. Sasa toa kamba, weka karatasi badala ya kopo, gawa wanafunzi timu za watu wanne wanne, halafu washindane. Hapo una somo zima la fizikia bila kuhitaji maabara.

Niliwahi kuitwa kushika saa kwenye shindano la namna hiyo, shule siitaji. Kila timu ilipewa vitu vilevile: karatasi 10 za A4, kipande cha manila, mirija ya soda, vijiti vya mishikaki, gundi, mkasi na dakika 90. Gari linaachiwa juu ya ubao wenye urefu wa mita 1.5, ncha moja ikiwa imeegeshwa kwenye matofali kimo cha sentimita 50. Hakuna kusukuma. Likishuka, linakimbia sakafuni mita 3 hadi kwenye mstari wa chaki.

Kulikuwa na gari moja jekundu, lina spoila nyuma, lina namba, lina hadi vioo vya pembeni. Watu walilipiga picha kabla halijakimbia. Lilishuka, likafika katikati ya ubao, likasimama. Ndiyo, lilisimama kwenye mteremko! Kilichoshinda mbio ile ni kitu kama kiberiti chenye magurudumu.

Sababu ni hii. Gari la karatasi halina injini. Nguvu yote linayo kwa sababu limepandishwa juu, basi. Kutoka kimo cha sentimita 50, gari ambalo halipotezi chochote njiani lingefika chini na mwendo wa kama mita 3.1 kwa sekunde, sawa na kilomita 11 kwa saa, mtu anayekimbia taratibu. Zaidi ya hapo huwezi kwenda hata uchore Ferrari pande zote mbili. Kwa hiyo timu haishindani kuongeza mwendo, inashindana kutoupoteza. Na mahali unapopotea zaidi ni pale ambapo hakuna mtu anapaangalia: kwenye ekseli.

Angalia hesabu hii ndogo. Chukua tairi yenye kipenyo cha sentimita 6 na kijiti cha mshikaki chenye unene wa milimita 3. Tairi ikizunguka mara moja, gari linasogea karibu sentimita 19. Lakini kijiti chenyewe, ndani ya mrija, kimesugua njia isiyofika hata sentimita 1. Msuguano unakula kwenye hiyo sentimita 1 tu, siyo kwenye zile 19. Ndiyo raha ya gurudumu. Ukitumia tairi ndogo na ekseli nene unajinyima raha hiyo. Spoku ya baiskeli, yenye milimita 2 hivi, ni nzuri kuliko kijiti, kwa hiyo wale watoto wa kandambili walikuwa wahandisi bila kujua.

Namna ya kufunga: tairi zigandishwe kwenye kijiti, kijiti kizunguke ndani ya mrija, na mrija ndio ugandishwe kwenye bodi. Acha nafasi kidogo kati ya tairi na mrija ili zisikwaruzane. Gundi ikiingia ndani ya mrija umekwisha. Lile gari jekundu ndicho kilicholipata. Walimaliza saa nzima kwenye rangi, ekseli wakaibandika dakika za mwisho, gundi ikatambaa ndani ikakauka.

Tundu la tairi nalo lazima liwe katikati kabisa. Bikari inakupa kitovu moja kwa moja. Kama umechora kwa kuzungusha kikombe, fuatisha duara hilo kwenye karatasi nyepesi, likate, likunje nusu, likunje tena nusu, kisha lifungue: mikunjo inapokatana ndipo pa kutoboa. Lilaze juu ya tairi uhamishe alama. Kosea milimita mbili uone gari linavyochechemea. Ekseli mbili zilale sambamba pia, la sivyo litakwenda kutafuta ukuta. Hata likianza limeelekea pembeni nyuzi 1 tu, baada ya mita 3 limeshahama sentimita 5.

Bodi haina makuu. Karatasi moja ya A4 ya kawaida, ile ya gramu 80, ina uzito wa gramu 5. Ikilala bapa inapinda hata kwa kalamu, lakini ikunje migongo-migongo kama bati la nyumba, itabeba daftari.

Hapo ndipo mwanafunzi mmoja alipouliza swali la maana kuliko yote siku ile: "Mwalimu, si ulisema kizito na chepesi vinashuka sawa? Mbona wale wameweka nati ndani ya gari na wanatushinda?" Mwalimu hakukosea, ila hesabu yake ni ya kitu kisichopambana na hewa wala kuzungusha tairi. Tairi inakula nguvu mara mbili, kusonga mbele na kuzunguka. Sahani ya manila ikibingirika peke yake kutoka kimo kilekile inafika chini na mita 2.6 hivi kwa sekunde, siyo 3.1. Sasa gari ambalo uzito wake karibu wote uko kwenye tairi linakaribia huko. Ukiweka nati kwenye bodi, sehemu inayoliwa na tairi inakuwa ndogo, na hewa nayo inapata kazi kulizuia.

Wamarekani wanalijua hilo siku nyingi. Mwaka 1953 bwana mmoja wa California, Don Murphy, aliwaanzishia maskauti wadogo mbio za vigari vya mbao vinavyoshuka mteremko, Pinewood Derby, kwa sababu mwanawe alikuwa hajafikisha umri wa mbio za magari makubwa ya kupanda. Kanuni iliyozoeleka ni uzito usizidi aunsi 5, kama gramu 142, na wajanja huuweka nyuma, maana nyuma ndiyo inaanzia juu zaidi. Tatizo sugu la kule ni akina baba wanaojenga gari wenyewe huku mtoto kashika bendera.

Kwetu niliona jingine. Katika timu tano, nne ziliwapa wasichana kazi ya kupaka rangi na kuandika jina. Bikari hawakuigusa. Nikamwambia mwalimu, watu wanne, tairi nne, kila mtu akate yake na atoboe yake. Gari litayumba kama limefungwa mitumba ya saizi tofauti, sawa, lakini kila mmoja atajua kitovu kinatafutwaje. Akasema atajaribu muhula unaofuata.

Ugomvi ulikuja kwenye saa yangu. Wa kwanza sekunde 2.1, wa pili 2.2. Wa pili wakagoma, na walikuwa na haki! Kidole cha binadamu kinachelewa kama sekunde 0.2 kubonyeza, kwa hiyo ile 0.1 iliyowatenganisha ingeweza kuwa ni mimi. Tukafanya ambavyo tungefanya tangu mwanzo: ubao wa pili wenye kimo kilekile, magari mawili bega kwa bega, rula moja ikiyazuia na kuinuliwa mara moja, halafu yabadilishane ubao. Mara 4. Zikatoka mbili mbili, na madaftari ya zawadi yakagawanywa.

Wale wa gari jekundu hawakuangalia hata. Walikuwa chini ya mwembe wanapasua mrija kwa wembe, na spoila imeshang'olewa.