Usilale Garini Ufikapo Thika

Je, msomaji, ni mara ngapi umepita Ruiru na Thika ukisinzia garini? Wengi wetu hutamani nchi za mbali, ilhali hii ya mlangoni hatuijui.

Jumapili moja wachukue watoto mpande matatu. Mfikapo Ruiru, waonyeshe mto unaopita chini ya barabara. Maji yake huishia mto Athi, ambao mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga baharini karibu na Malindi.

Endeleeni hadi Thika, yapata kilomita 45 kutoka Nairobi. Kando ya hoteli ya Blue Posts, iliyofunguliwa mwaka wa 1908, mito Chania na Thika huanguka kwa kishindo, kisha ikakutana. Lakini maji haya hayaendi Malindi. Huingia mto Tana na kufika baharini Kipini. Yote hutoka upande wa Nyandarua, yakaachana njiani kama ndugu waliogawana urithi.

Nauli ikiruhusu, fikeni Fourteen Falls kwenye mto Athi, karibu na Kilimambogo. Maporomoko yanapendeza, ila povu na taka zitawashtua. Nyingi ni zetu, kwani mto Nairobi humwaga humo. Na huko chini, Baricho, visima vya kando ya mto huo huwapa maji watu wa Malindi na Mombasa.

Mtoto akiiona chupa ya plastiki ikielea hapo, hutahitaji kumhubiria. Tembea uone, walisema wahenga.