Mafuta usiyoyaona ndiyo yanayoamua bingwa

SHABIKI wa soka anausoma uwanja kwa macho. Ukiingia Kwa Mkapa baada ya mvua, unaona. Timu ikisafiri hadi Kaitaba, Bukoba, kila mtu anajua kule ni nyasi bandia, na mchezaji anabeba viatu vinavyofaa. Uwanja ukiwa na madimbwi, kocha anasema wazi: leo hakuna pasi fupi, piga mbele.

Sasa fikiria mchezo ambao uwanja wake unang'aa vilevile kila siku, hauna dimbwi wala kipara, lakini kila mashindano ni uwanja tofauti. Si hivyo tu, unabadilika mechi ikiendelea, na anayeubadilisha ni mpinzani wako. Wewe kazi yako ni kuusoma bila kuuona.

Mchezo huo ni bolingi, ule wa kuviringisha tufe na kuangusha pini 10. Wengi wetu tunaujua kama starehe ya wikiendi kwenye majengo makubwa ya biashara, unakodi viatu, unatupa, mnacheka, mnaenda kula. Lakini kwa mastaa wanaolipwa kuucheza, hasa kule Marekani kwenye ziara ya wachezaji wa kulipwa, PBA, hakuna kucheka. Pale mtu anaweza kukosa ubingwa kwa kuchagua tufe lisilofaa kwenye begi lake.

UWANJA WENYEWE

Kutoka mstari wa kutupia hadi pini ya mbele ni futi 60, yaani mita 18 na kidogo. Upana ni mita moja na sentimita tano tu. Njia hiyo imegawanywa kwa mbao nyembamba 39, na wachezaji huzihesabu kama beki anavyohesabu hatua zake. Wakisema "nacheza ubao wa 10" wanamaanisha hivyo hasa.

Juu ya mbao hizo mashine hupaka mafuta, tabaka jembamba kuliko unywele. Hayafiki mwisho. Yanaishia njiani, na sehemu ya mwisho karibu na pini inabaki kavu. Tufe likiwa kwenye mafuta linateleza. Likifika pakavu linashika na kukata kona kuelekea kwenye pini.

Kwa nini likate kona? Kwa nini usitupe moja kwa moja kama mkwaju wa penalti? Ni kwa sababu ya namna pini zinavyoanguka. Mchezaji wa mkono wa kulia anataka kuingia kwenye pengo kati ya pini ya 1 na ya 3, tena kwa pembe. Akiingia vizuri, tufe lenyewe linagusa pini nne tu. Sita zilizobaki zinaangushwa na pini wenzao. Ukipiga moja kwa moja, tufe likigonga pini ya kwanza linasukumwa pembeni na kupoteza njia, unaambulia nane au tisa. Pembe inayotakiwa ni kama nyuzi sita. Kidogo sana, lakini ndo yenye kila kitu.

MAFUTA YA NYUMBANI NA YA UGENINI

Kwenye kumbi za kawaida mafuta hupakwa kwa huruma. Katikati yanawekwa mengi, pembeni machache. Ukikosea ukatupa nje, pakavu panalirudisha tufe ndani. Ukikosea ukatupa katikati, mafuta yanalizuia lisikate mapema. Ni kama goli lililopanuliwa. Ndiyo maana mtu anatamba kwenye ukumbi wa mtaani kwao, halafu akienda mashindano anaonekana kama hajawahi kushika tufe.

Kwenye mashindano makubwa huruma hiyo haipo. Mafuta yanakaribiana pande zote, na ukikosea ubao mmoja au miwili unaadhibiwa. PBA ina michoro ya mafuta iliyopewa majina ya wanyama: Wolf, Cheetah, Viper, Scorpion, Shark na wengineo. Wolf na Cheetah ni mifupi, mafuta yanaisha mapema na tufe linapata nafasi ndefu ya kukata. Shark ni mrefu, tufe linateleza hadi karibu na pini, usipokuwa na silaha inayoshika sana linapita tu kama basi lililokatika breki.

Wachezaji wana hesabu yao ya haraka. Chukua urefu wa mafuta kwa futi, toa 31. Mafuta ya futi 40 yanakupa 9, maana yake tufe liwe karibu na ubao wa 9 pale linapotoka kwenye mafuta. Mafuta ya futi 35 yanakupa 4, yaani ucheze pembeni kabisa, jirani na mfereji. Siyo sheria ya Mungu, ni pa kuanzia tu, kama kocha anavyopanga kikosi kabla hajaona wapinzani wamekuja na mfumo gani.

TUFE SI TUFE TU

Hapa ndipo begi linapofunguliwa. Mchezaji wa kulipwa haji na tufe moja. Anakuja na mengi, na kila moja lina kazi yake, kama benchi la ufundi lililojaa wachezaji wa akiba.

Tufe la plastiki halishiki mbao, linakwenda karibu moja kwa moja. Anayejifunza analitumia kwa kila kitu, staa analitumia kumalizia pini iliyobaki pembeni, pale ambapo hutaki kona yoyote. Tufe la yurethani, lililoingia miaka ya 1980, linashika mapema na kukata taratibu, na mwendo wake unatabirika. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1990 likaja tufe la rezini, na mchezo ukabadilika. Lenyewe linanyonya mafuta, linateleza mbele, kisha likifika pakavu linageuka ghafla na kuziingia pini kwa nguvu.

Uzito una kikomo, ratili 16, kama kilo 7.26. Lakini ndani ya uzito huo kuna siri nyingine, kiini. Kiini kikiwa na umbo lisilolingana, tufe linayumba linapozunguka na kupata sehemu mpya ya kushika mbao. Mtobozi wa matundu ya vidole akiyasogeza kidogo kulingana na kiini, tufe lilelile linakuwa na tabia nyingine.

Bado kuna msasa. Ukilikwaruza tufe kwa msasa wa namba 500 linakuwa na makwaruzo makubwa, linashika mapema. Ukilipitisha namba 4000 linakuwa laini, linachelewa kukata. Kazi hiyo lakini inafanyika kabla. Kwa kanuni za shirikisho la Marekani, USBC, mashindano yakishaanza huruhusiwi kulisugua tufe kwa msasa. Na tangu Agosti 2019 hata dawa za maji za kusafishia zimezuiwa wakati wa mchezo, unabaki na taulo kavu tu. Ukija na maandalizi mabovu, utakula ulichopika.

MPINZANI ANAKUHARIBIA UWANJA

Tatizo kubwa zaidi linaanza ukishapata njia. Umetupa straiki tatu mfululizo, watu wanapiga kelele, unajiona umemaliza. Tupa la nne uone. Tufe limeingia ndani mno, pini zimegawanyika kushoto na kulia, hesabu imeharibika.

Hujakosea mkono. Kila tufe la rezini linalopita linaondoka na mafuta kidogo. Pale pote mnapopita panakauka, na tufe linaanza kukata mapema. Mkitumia plastiki au yurethani inaweza kuwa kinyume: mafuta yanasukumwa mbele hadi sehemu iliyokuwa kavu, tufe linachelewa kukata.

Na kwa kuwa wapinzani wawili wanatumia njia zilezile mbili kwa kupokezana, unacheza kwenye kile alichoacha mwenzako. Akiwa ni mtu wa kuzungusha tufe kwa nguvu, anakukaushia haraka. Ndiyo maana kuja kwa staa wa Australia, Jason Belmonte, anayetupa kwa mikono miwili na kulizungusha tufe kuliko wengi, kuliwaumiza wapinzani kwa namna mbili: kwa pini alizoangusha na kwa njia alizowaachia. Jamaa ana mataji makubwa 15, rekodi ya PBA. Mwanzoni walimcheka kwa mtindo wake, sasa vijana kibao wanatupa hivyohivyo.

Dawa yake ni nini? Kwanza miguu. Mchezaji wa mkono wa kulia akiona tufe linakata mno kwenda kushoto, anasogeza miguu kushoto mbao mbili na shabaha ubao mmoja, arudi kwenye mafuta. Likichelewa, anasogea kulia. Ikishindikana anabadili mwendo wa tufe. Ikishindikana tena ndipo anafanya sabu, anatoa tufe lingine kwenye begi. Makocha wa mchezo huo wanasema anayebadili tufe kabla ya kubadili miguu ni sawa na kocha anayemtoa straika dakika ya 10 kwa sababu amekosa goli moja.

Kuna fainali zinazochezwa kwa ngazi: wa chini wanaanza, anayeshinda anapanda, na aliyeongoza hatua za awali anakaa akisubiri mechi ya mwisho. Inaonekana ni zawadi. Lakini anayepanda ameshacheza kwenye njia zilezile, anajua zinavyokauka. Kinara anaingia baridi. Fremu 10 tu, hakuna marudiano.

JANUARI 24, 2010

Siku hiyo, Las Vegas, Marekani, kwenye fainali ya Tournament of Champions, alisimama Kelly Kulick wa New Jersey. Mbele yake alikuwa Chris Barnes, Mchezaji Bora wa PBA wa msimu wa 2007-08. Hakuna mwanamke aliyekuwa ametwaa taji la ziara hiyo kabla ya siku hiyo.

Kulick alikuwa na deni. Mwaka 2006 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata nafasi ya msimu mzima kwenye ziara ya wanaume. Msimu ulipoisha nafasi ikapotea. Safari hii aliingia kwa tiketi ya ubingwa wa dunia wa wanawake aliouchukua mwaka 2009. Akishinda, anapata dola 40,000 na nafasi ya kucheza ziara kwa miaka miwili. Akishindwa, wenye maneno yao watasema tulijua.

Njia mbili, mafuta yaleyale, pini zilezile. Hakuna mipira ya wanawake wala goli la wanawake hapo. Matokeo: Kulick 265, Barnes 195. Kwa asiyejua mchezo huo, alama kamili ni 300, na pengo la 70 kwenye fainali ya ngazi hiyo ni kipigo cha 5-0. Mmoja alipata njia na kuendelea nayo, mwingine hakuipata hadi mwisho.

ALIYELOWEKA MATUFE

Kama unadhani ujanja wa vifaa umeanza juzi, msikilize huyu. Mwaka 1973 Don McCune aligundua kwamba ukililoweka tufe la plastiki kwenye kemikali, ngozi yake inalainika na kushika mbao kuliko kawaida. Mwaka huo alitwaa mataji sita na kuwa Mchezaji Bora wa PBA. Wakati huo hakuna sheria iliyomzuia. Baadaye wenye mchezo wakaweka kiwango cha chini cha ugumu wa tufe, na kipimo hicho bado kinawatoa watu jasho. Mwaka 2022 USBC ilizuia matufe ya Purple Hammer yaliyotengenezwa 2016 na 2017 kwenye mashindano yake ya kitaifa, sababu ni ugumu.

Kwa hiyo siku ukikodi viatu na kuingia ukumbini, usikimbilie tufe zito ili uonekane mwamba. Chukua unaloweza kulirusha mara 20 bila mkono kuchoka na linaloachia kidole gumba bila kung'ang'ania. Usitazame pini, tazama mishale iliyochorwa mbele ya mstari. Likienda kushoto mara mbili mfululizo kwa mtupo uleule, usimlaumu mtu. Sogeza miguu kushoto, utupe tena.