Kiingereza cha Kununulia Gari

Mnunuzi yupo Mwanza, Kampala au Lubumbashi. Gari analolitaka limeegeshwa kwenye yadi ya Yokohama au Nagoya, na picha zake zimo kwenye simu yake. Anaandika kuuliza bei ya mwisho. Anajibiwa na karani wa kampuni ya huko, mara nyingi Mjapani, wakati mwingine Mpakistani aliyehamia Japani kwa biashara hiyo hiyo. Barua pepe zinakwenda na kurudi, hadi siku dola elfu kadhaa zinapotumwa kupitia benki kwa mtu ambaye mnunuzi hajawahi kuonana naye. Baadhi ya wauzaji siku hizi wana wahudumu wanaojua Kiswahili, lakini ankara, mkataba na hati ya shehena hubaki kwa Kiingereza, lugha ambayo si ya mama kwa upande wowote.

Sehemu kubwa ya Kiingereza cha biashara duniani leo iko hivyo. Mfaransa Jean-Paul Nerrière, aliyekuwa mkurugenzi wa ngazi ya juu katika kampuni ya IBM, aliliona jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1980 katika kazi zake na Wajapani na Wakorea. Wao na yeye, wote wakiwa na Kiingereza cha kujifunza, walielewana kwa urahisi kuliko wenyeji hao walivyoelewana na wenzake Wamarekani na Waingereza. Kiingereza hicho akakiita Globish, akakikadiria kuwa na maneno yapatayo 1,500, na mwaka 2004 akakiandikia kitabu.

Shuleni kwetu mambo hufundishwa kinyume. Mwanafunzi wa sekondari hupimwa kwa insha, kwa misamiati mizito na kwa barua rasmi zenye mapambo ya zamani. Anamaliza masomo akiwa na hofu ya kuchapia, akiamini kwamba anayejua Kiingereza ni yule anayekitamka kama mtangazaji wa redio ya London. Akiajiriwa kwenye kampuni ya uagizaji, hofu hiyo humfanya aandike sentensi ndefu za kuonyesha kisomo, na mahali penye fedha akapapita bila kupaona. Ukweli ni kwamba lafudhi na makosa madogo ya sarufi ni nadra kumtia mfanyabiashara hasara. Hasara hukaa kwenye sehemu chache zinazojulikana, na hizo ndizo za kujifunza kwanza.

Sehemu ya kwanza ni herufi tatu. FOB maana yake muuzaji anawajibika mpaka gari lipakiwe melini kwenye bandari ya Japani. Nauli ya meli na bima ni juu ya mnunuzi. CIF maana yake muuzaji analipia bima na nauli mpaka bandari iliyotajwa, tuseme Dar es Salaam au Mombasa. Istilahi hizi zimo katika kanuni za Incoterms, ambazo Chemba ya Kimataifa ya Biashara yenye makao yake Paris ilizitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1936. Toleo la mwaka 2020 lina istilahi 11.

Mambo mawili huwaponyoka wengi. Bei ya CIF Dar es Salaam haijumuishi ushuru wa forodha, tozo za bandari wala malipo ya wakala. Anayedhani amemaliza kulipa ndipo anapoanza. La pili ni zito zaidi: hata kwenye CIF, dhamana ya gari huhamia kwa mnunuzi pale linapopakiwa melini kule Japani, wala si linaposhushwa huku. Muuzaji amelipia bima, lakini gari likiharibika baharini, anayefuatilia fidia ni mnunuzi. Mtu anaweza kuhutubia mkutano mzima kwa Kiingereza cha kuvutia bila kulijua hili, na fundi asiye na sentensi tatu zilizonyooka akalijua vizuri sana.

Sehemu ya pili ni neno dogo kabisa. Muuzaji anaandika: “You have not sent the payment?” Mnunuzi ambaye kweli hajatuma anajibu “Yes”, kwa sababu ndivyo Kiswahili kinavyokwenda. Hujatuma? Ndiyo, sijatuma. Kiingereza hapo kinataka “No”. Kijapani nacho kinafuata njia ile ile ya Kiswahili: neno lao la kukubali, hai, hukubaliana na kauli ya muulizaji hata kama kauli yenyewe ni ya kukanusha. Kwa hiyo Mswahili na Mjapani wanaingia kwenye Kiingereza wakiwa na mazoea yanayofanana. Tatizo huzuka pale mmoja wao anapofuata kanuni ya darasani na mwingine anapofuata ya nyumbani. “Yes” moja inabeba maana mbili zinazopingana, na gari linaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Kinga yake haihitaji sarufi nyingi. Swali liulizwe bila kukanusha, na jibu lisiwe la neno moja: “Have you sent the payment?” “No, we have not sent it. We will send it on Monday.”

Karibu na hilo kuna tarehe ya mwisho. Kiswahili hutumia “hadi” na “mpaka” kwa mambo mawili ambayo Kiingereza huyatenga. “The price is valid until Friday” ni kusema bei itaendelea kuwepo hadi Ijumaa. “Please pay by Friday” ni kusema malipo yafanyike siku yoyote, mradi Ijumaa isipite. Mnunuzi anayeandika “We will pay until Friday” anamwacha mwenzake akijiuliza kama fedha zitakuja kidogo kidogo. Mjapani ataliona kosa hilo haraka, maana lugha yake pia inazitenga maana hizo mbili.

Saa nazo zina mtego ambao wafanyabiashara wa Japani na Afrika Mashariki wanapaswa kuujua. Japani iko mbele ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa sita. Saa ya Kiswahili nayo inatofautiana na ya Kiingereza kwa saa sita. Mtu wa Dar es Salaam anaposema saa tatu asubuhi, Tokyo ni saa tisa alasiri, na saa ya ukutani huko inaonyesha 3. Basi anayeandika “call me at 3” akiwa anafikiria kwa Kiswahili anaweza kupigiwa kwa wakati unaofaa kabisa kwa bahati tu. Siku nyingine Mjapani, akijali saa za Afrika Mashariki, atapiga saa tisa alasiri ya huku, na simu isipokewe. Njia salama ni kuandika kwa mfumo wa saa 24 na kuitaja miji yote miwili: 09:00 Dar es Salaam, 15:00 Tokyo.

Tarehe hazina nafuu. Mjapani huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Mtanzania na Mkenya huanza na siku. Mmarekani huanza na mwezi. Meli inayoondoka 05/06 inaweza kuwa ya Mei au ya Juni, kulingana na anayesoma. Mwezi ukiandikwa kwa neno, utata unakwisha.

Tarakimu zinahitaji uangalifu kama huo. Wajapani huhesabu namba kubwa kwa makundi ya elfu kumi, wanayoyaita man. Kilomita 85,000 kwao ni man nane na nusu. Anayetafsiri kichwani kwa haraka anaweza kuongeza au kupunguza sifuri, na umbali ambao gari limetembea ukawa mwingine. Mnunuzi wa Lubumbashi au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa ana jambo lake pia. Mkono wake umezoea mkato mahali ambapo Kiingereza kinaweka nukta, hivyo 3,200 kwake inaweza kuwa tatu na sehemu ya kumi mbili. Kiasi kikiandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, pamoja na jina la fedha, kila mtu anasoma kitu kimoja.

Adabu ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa kuwa haimo kwenye kamusi. Mwaka 2005 watafiti watatu wa Finland, Leena Louhiala-Salminen, Mirjaliisa Charles na Anne Kankaanranta, walichapisha uchunguzi wao kuhusu kampuni za Kifini na Kiswidi zilizoungana, ambako Wafini na Waswidi walifanya kazi pamoja kwa Kiingereza. Wafini walionekana watu wa kusema jambo moja kwa moja, Waswidi watu wa kujadiliana kwanza. Walitumia lugha moja, lakini kila mmoja alikuja nayo kwa desturi za kwao.

Mjapani anapoandika “We will consider it” au “It is a little difficult”, mara nyingi amekataa kwa heshima. Mswahili hapaswi kushangaa, kwani “tutaangalia” na “tutawasiliana” zinafanya kazi hiyo hiyo kila siku. Tena wote wawili hupenda kusalimia kabla ya shida, na hakuna sababu ya kuacha. Salamu iwe sentensi moja, jambo lenyewe lifuate mara moja, na kichwa cha barua kitaje namba ya gari. Pole nayo itumike kwa uangalifu. Kiswahili humpa pole mtu aliyefikwa na jambo bila kukiri kosa lolote, ilhali “We are sorry for the damage” huweza kusomwa kama kukubali kwamba uharibifu umetokana na anayeandika.

Japani yenyewe imeonyesha jinsi somo hili linavyoweza kufundishwa vibaya, kisha likarekebishwa. Mwaka 2010 Hiroshi Mikitani, mkuu wa kampuni ya biashara ya mtandaoni ya Rakuten, alitangaza kwamba wafanyakazi wake wote, wakiwemo Wajapani zaidi ya 7,000, watafanya kazi kwa Kiingereza ndani ya miaka miwili. Orodha za vyakula kwenye mgahawa wa kampuni zilibadilishwa mara moja. Kila mtu alitakiwa kufikisha alama zilizowekwa katika mtihani wa Kiingereza wa TOEIC, na asiyefikisha alitishiwa kushushwa cheo. Profesa Tsedal Neeley wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyefuatilia zoezi hilo kwa karibu, aliandika jinsi watu mahiri katika kazi zao walivyojihisi wamepungukiwa hadhi kwa usiku mmoja. Mwanzoni gharama na muda wa kujifunza vilikuwa juu ya mfanyakazi. Maendeleo yalipoonekana kusuasua, kampuni ikaanza kugharamia masomo na kutoa nafasi ya kusoma wakati wa kazi, na hapo hali ikaanza kubadilika.

Waajiri wa Dar es Salaam, Nairobi na Kigali wana cha kuchukua hapo. Kumdai karani Kiingereza bila kumpa muda wa kukijifunza ni kumfundisha kuficha asichokijua, na karani anayeficha ndiye atakayejibu “Yes” bila kuuliza. Vifaa vya kufundishia tayari vipo ofisini: ankara za awali, hati za shehena, vyeti vya ukaguzi na barua pepe zilizowahi kuleta utata. Karani asome sentensi ya muuzaji, aseme kwa Kiswahili nani atafanya nini na lini, kisha aandike jibu linalorudia bei, bandari na tarehe kwa maneno yake, na kumwomba muuzaji athibitishe: “Please confirm that the price is 3,200 US dollars, CIF Mombasa.” Saa moja ya zoezi hilo kila wiki, ndani ya saa za kazi na pamoja na msimamizi aliyewahi kutoa gari bandarini, inatosha kuanza, na ankara ya wiki hiyo ndiyo iwe somo la kwanza.